Miezi minne Kijitonyama na sina rafiki hata mmoja. Watu wa Dar mnafahamianaje?

#1 Mngoni wa Kauntabuku

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuja Dar kutoka Songea. Kazi ipo Sayansi, chumba nimepata hapa hapa Kijitonyama, ndani ya fensi, wapangaji sita na kila mmoja ana grili yake na kufuli lake. Miezi minne sasa. Namjua mlinzi, namjua muuza chapati wa pale kona, na namjua paka wa chumba namba tatu. Mwenye paka simjui.

Kwetu ukihamia mtaa, godoro halijashuka kwenye gari mtu ameshapiga hodi kuuliza kama una moto wa kupikia. Hapa nimesalimia watu asubuhi mpaka najiona kama mgombea udiwani.

La pili. Mimi huchora. Siuzi, nachora tu, penseli na kalamu ya wino kwenye kauntabuku, tangu niko kidato cha pili. Nilidhani Dar ingenipa vitu vya kuchora mpaka mkono uume. Kumbe ukikaa mahali ukafungua daftari unaonekana mtu wa manispaa. Juzi nimechora nyumba moja ya zamani kule Ali Maua, mzee akanisogelea taratibu: "Binti, mnabomoa lini?"

Sasa naomba kuuliza mliohamia mji huu: mlipataje watu? Siongelei wa kazini. Naongelea mtu unayeweza kumgongea chumvi ikiisha. Na wanaochora, wanaoimba, wanaofinyanga, wanajificha wapi?

#2 Siti ya Dirishani

Nimewahi siti. Ngoja waje wenye mji wao.

#3 Mzee wa Drafti

Binti, hujambo. Kosa lako ni moja tu, fensi.

Mimi wa Magomeni. Nyumba ya Kiswahili nadhani unaijua: ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani kuna choo, bafu na jiko. Ukitaka kuoga lazima upishane na mtu. Ukitaka kuchemsha chai lazima upishane na mtu. Mkigombana asubuhi mtapatana jioni kwa sababu hamna pa kukimbilia. Mbele kuna baraza, mpita njia anakaa, anapata maji. Walipoanza kujenga kuta na kubandika vipande vya chupa juu yake ndipo ujirani wa Dar ulipokufa. Hilo sibishiwi.

#4 Luku Imekata

Mzee shikamoo, ila nakubishia.

Nimekaa nyumba ya namna hiyo Mwananyamala miaka mitano. Luku moja, vyumba sita. Kuna mwenye friji anayesema "langu dogo halili umeme". Kuna anayepiga pasi saa sita usiku akidhani hatusikii mita inavyokimbia. Nilimjua kila mtu, kweli, nilijua hata nani amechanga elfu mbili badala ya tano. Lakini tulijuana kama mahabusu wanavyojuana. Rafiki niliyetoka naye pale ni mmoja tu, na naye bado ana jagi langu.

Nilipohamia ndani ya fensi ndipo nikajua kulala.

#5 Chumvi ya Mawe

Hahaha "langu dogo halili umeme". Huyo mtu yupo kila nyumba nchi hii.

OP (mleta mada), Mngoni mzima unalia upweke? Toka barabarani ucheze ngoma yenu ya lizombe hapo mataa ya Sayansi, jioni una marafiki mia mbili na trafiki mmoja.

#6 Mama Vitenge

Dada yangu, usidanganywe na wanaume humu. Subiri uone, sasa hivi atatokea mmoja kukwambia nenda kijiwe cha kahawa. Mwanamke ukakae kijiweni kwenye benchi la watu kumi na wawili wanaobishana Simba na Yanga? Watakuheshimu, watakupisha nafasi, na hakuna atakayesema neno la maana mpaka uondoke.

Mimi nilitoka Moshi 2011, nikafikia Sinza. Mwaka mzima nilikuwa kama wewe. Kilichonifungulia mtaa ni msiba. Jirani wa nyuma alifiwa na mama yake, simjui hata jina. Nikafunga kanga, nikaenda, nikakaa kwenye mkeka. Hakuna aliyeniuliza wewe nani. Saa moja baadaye nilikuwa namenya vitunguu na wanawake nane, na kufikia siku ya tatu nilikuwa najua mume wa nani ana nyumba ndogo Tabata. Mpaka leo wanne kati ya wale nane ndio ndugu zangu hapa mjini, na kikoba chetu ndicho hicho.

#7 Mjomba Kigamboni

Nilitaka kusema nenda kijiwe cha kahawa. Basi nimenyamaza.

#8 Mama Vitenge

#7 unaona sasa 😂

#9 Mpangaji Mzoefu

Mimi naona hapa hakuna suala la fensi wala uani. Ni kodi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi, ikiisha anapandisha, unahama. Nimeishi Dar miaka tisa, nimehama mara saba: Tandika, Tabata, Kimara, Ubungo, Kimara tena, Sinza, sasa Goba. Nianze urafiki na jirani ili iweje? Yeye mwenyewe ameshaanza kukusanya maboksi.

Wazee wa Magomeni walijuana kwa sababu walikuwa wenye nyumba, au walipanga chumba kimoja miaka ishirini. Huo ni ukazi, uani ni sehemu tu ya kukutania.

#10 Nyakato Mza

Ongeza na utapeli. Nilipofika Dar mtu wa kwanza kunichangamkia kuliko wote ndiye aliyeniuzia simu ya sabuni Kariakoo. Tangu hapo mtu akinichekea sana nashika mfuko. Watu wa Dar hawana roho mbaya, wameumwa na nyoka, wakiona ung'ong'o wanaruka.

#11 Tembea Uone

Naona mnamjibu nusu tu ya swali. Dada ameuliza na wachoraji. Kijitonyama uko pazuri kuliko unavyojua.

Mwenge, kituo cha vinyago, unakwenda kwa mguu. Usiishie maduka ya mbele, pita nyuma kwa mafundi. Utasikia tezo kabla hujawaona. Kaa, tazama mtu anavyotoa sura ndani ya gogo la mpingo.

Makumbusho ya Kijiji, hapo Barabara ya Bagamoyo, yako pale tangu miaka ya sitini. Nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Wewe unayependa kuchora nyumba utakaa kutwa, na hakuna atakayekuuliza mnabomoa lini.

Nafasi Art Space, Mikocheni, eneo la viwanda vidogo. Ipo tangu 2008, wasanii wanafanyia kazi ndani ya makontena. Unaingia, unaangalia, unauliza.

Kisha wachoraji wa Tingatinga, Oyster Bay, Morogoro Stores. Mzee Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha mtindo huo, alikuwa Mmakonde, alifariki miaka ya themanini, ila wanafunzi wake bado wapo pale pale. Na mjini kuna Nyumba ya Sanaa.

#12 Mtu wa Tunduru

#11 umeandika vizuri, ila mwishoni umeteleza mara tatu.

Edward Saidi Tingatinga hakuwa Mmakonde. Ni mtu wetu wa Tunduru, mama yake Mmakua. Aliyekuwa Mmakonde ni mkewe. Wala hakufika miaka ya themanini: alipigwa risasi na polisi hapa Dar mwaka 1972, walidhani ni mhalifu. Alianza kuchora 1968. Piga hesabu. Miaka minne tu, na leo jina lake limekuwa jina la sanaa nzima, kutoka Zanzibar mpaka maduka ya uwanja wa ndege.

Na waliopo pale si wanafunzi wake mwenyewe. Aliowafundisha kwa mkono wake walikuwa wachache, ndugu na jamaa, akina January Linda, Simon Mpata, Ajaba Mtalia. Waliopo sasa ni wanafunzi wa wanafunzi, na watoto, na wajukuu.

OP, Tunduru na Songea ni mkoa mmoja wa Ruvuma, kwa hiyo yule ni mtu wa nyumbani. Kuna siku alikuwa mgeni Dar kama wewe. Alitokea Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akafanya kazi za ndani kwa Mwingereza huko huko Oyster Bay.

#13 Tembea Uone

Nimesahihishwa, ahsante mkuu.

#14 Posta ya Zamani

Na Nyumba ya Sanaa haipo tena, msimpoteze dada wa watu. Ilishabomolewa. Ilianzishwa mwaka 1972 na sista wa Kikatoliki Mmarekani, Jean Pruitt, kusaidia vijana waliokuwa na kipaji lakini hawana kazi.

Hapo ndipo alipofanyia kazi George Lilanga. Kabla ya picha zake kuzunguka dunia alikuwa mlinzi pale. Halafu OP anasema "namjua mlinzi" kana kwamba ni jambo dogo. Mwulize mlinzi wako usiku anafanya nini.

#15 Mngoni wa Kauntabuku

#14 nimemwuliza. Anasikiliza mpira wa Uingereza redioni. Ila ameniuliza kwa nini naandika kila siku kwenye daftari bila kugeuza kurasa haraka. Nikamwonyesha. Amejiona ukurasa wa nane, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Akanyamaza, halafu akasema, "Hicho kiti mguu mmoja umefungwa kamba." Kweli, kamba sikuichora.

#6 ahsante dada. Mtaani kwetu hajafa mtu, sijui niombe nini.

#16 Chumvi ya Mawe

Usiombe chochote mama, tulia hivyo hivyo.

#17 Mzee wa Drafti

Turudi kwa huyo Tingatinga. Mimi nilisikia alianza baada ya kuona Wakongo wanauza picha mjini, Wazungu wananunua, akasema hata mimi naweza.

#18 Mtu wa Tunduru

Mzee, hiyo ya Wakongo inasemwa sana. Wengine wanasema alileta kitu alichokijua tangu utoto, kwetu kusini watu walikuwa wakichora kuta za nyumba zao za udongo. Ukiangalia mnyama mmoja mkubwa katikati, nyuma rangi moja bila mapambo, unaona ukuta.

#19 Luku Imekata

Au alikuwa na njaa tu jamani. Mtu ana familia, kazi za vibarua zimeisha, anachukua kipande cha hadibodi na rangi ya baiskeli. Mbona mnatafuta mambo makubwa?

#20 Fundi Rangi

#19 umegusa kazi yangu, nimeona niingie.

Mimi ni fundi wa kuandika vibao na kuchora kuta. Saluni, kinyozi, bucha, bodaboda, "Mungu ni Mwema Garage", zote hizo. Ile rangi aliyotumia Tingatinga, rangi ya mafuta ya kung'aa, ndiyo hiyo hiyo ninayotumia mpaka leo. Sababu ni nyepesi: inauzwa kila duka la hadiwea, mkebe mdogo unamudu, na inakauka ikiwa na mng'aro bila kuongeza kitu. Ubaya wake haichanganyiki taratibu kama rangi za Wazungu. Ukiweka nyekundu ni nyekundu. Ndiyo maana simba wa Tingatinga hana kivuli cha kusitasita, ana mstari na ana doa. Njaa imo, nakubali, lakini na mkebe wenyewe unakuamulia uchore vipi.

Sasa OP. Unauliza wachoraji wanajificha wapi. Hatujajificha. Tuko juu ya ngazi. Ukipita Dar utazame juu na kwenye kuta: kinyozi aliyechorwa vichwa vitano vya mitindo mitano, kuna mtu alivichora. Ajabu ni kwamba sisi hakuna anayetuuliza "mnabomoa lini", kwa sababu tuna ndoo na ngazi. Wewe una daftari. Daftari Dar ni la serikali, la mkopo, au la mtu wa sensa.

Siku hizi mabango ya kuchapisha yametuua, lakini tupo.

#21 Mama Vitenge

"Daftari ni la serikali, la mkopo, au la sensa." Nimecheka mpaka mume kauliza kuna nini.

#22 Ndugu wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi, naomba niingilie kidogo. Hapa kwetu Umoja pia ni hivyo, orofa saba na hujui jirani wa mlango wa pili. Lakini sanaa haiko kwa jengo, iko barabarani. Matatu zetu zimechorwa kutoka bampa hadi paa, na vijana wanaozichora wanajulikana kuliko wabunge. Nilipata marafiki wangu wa kwanza hapa kwa sababu nilikuwa nangoja gari moja iliyochorwa vizuri, na kukawa na wenzangu wanaongoja hiyo hiyo.

Nyinyi daladala zenu mbona siku hizi zote nyeupe zenye mstari tu?

#23 Siti ya Dirishani

#22 mistari ni ya njia, sheria hiyo ndugu. Ila soma nyuma kwenye kioo. Maneno hayajafa. Na kwenye kifunika tope cha bodaboda, na kwenye kanga. Mbongo haachi kuandika.

#24 Jogging ya Alfajiri

Mnamzungusha sana huyu dada. Ajiunge na jogging. Dar nzima ina vikundi vya jogging, Temeke ndiyo mama yao, lakini hata Kinondoni tupo. Jumamosi alfajiri tunakimbia tukiimba, fulana moja, tunachangiana misiba na harusi. Ukikosa wiki mbili wanakuja nyumbani kukuangalia. Fensi yenu hiyo tunaisimamia nje tunapiga filimbi mpaka utoke.

#25 Mpangaji Mzoefu

#24 hicho ulichoeleza ni kitisho, sio urafiki.

#26 Posta ya Zamani

Kwa anayependa kukaa na kuchora bila kukimbia: muziki wa dansi. Bendi ya Msondo ipo tangu 1964, enzi hizo ikiitwa NUTA Jazz. Bendi ya Sikinde ipo tangu 1978. Ukumbini mapema, kabla watu hawajajaa, wanamuziki wanafunga vyombo. Wazee watanashati, viatu vinang'aa. Utachora mpaka wino uishe, na hakuna wa kukusumbua kwa sababu kila mmoja anataka achorwe.

#27 Chumvi ya Mawe

Mzee wangu dada ana miaka ishirini na ngapi, mpeleke singeli Manzese. Ila huko penseli haitashika, ule mwendo hauchoreki.

#28 Mzee wa Drafti

Singeli ni mashine ya kusaga iliyoharibika.

#29 Chumvi ya Mawe

Na wazee wenu waliwaambia hivyo hivyo kuhusu magitaa.

#30 Mngoni wa Kauntabuku

Samahani kwa kukaa kimya wiki mbili, kazi ilinibana. Nina mrejesho, na ni mrefu, mnivumilie.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda Mwenge kama #11 alivyosema. Nikapita nyuma. Kuna baba mmoja anachonga, nikamwomba kumchora, akasema chora. Saa mbili hatukuongea. Alipomaliza akachukua kiwi nyeusi ya viatu akaanza kusugua kinyago, akaniambia, "Huu si mpingo, usimwambie mtu." Nikaona nimekaribishwa.

Oyster Bay nilikwenda pia. Nilisimama mbele ya kijana anayeweka madoa kwenye chui, doa moja moja, mamia. Nikamwuliza hachoki? Akasema akichoka ana ndege wa kumalizia. Nilikumbuka maneno ya #20 kuhusu mkebe.

Lakini nataka kuwasimulia ile nyumba ya Ali Maua.

Jumanne jioni nimerudi kazini, mlinzi ananiambia kuna mama amekuja mara mbili kuniulizia, "yule anayeandika nyumba." Akaja mara ya tatu. Mama mtu mzima, kanga mbili, ameshika mfuko wa nailoni. Nikamwamkia, akaitikia kwa mbali. Akafungua mfuko: leseni ya makazi, risiti za kodi ya jengo, barua ya serikali ya mtaa, na picha ya marehemu mume wake amesimama mbele ya nyumba ile ile, bado mpya. Akasema, "Mwanangu, mimi niko halali. Mnataka kuniwekea X kwa lipi?"

Jamani. Kumbe mtaa mzima ulikuwa haujalala wiki nzima. Kuna mpangaji wake mmoja alishaanza kutafuta chumba kwingine.

Nikamkaribisha ndani, ndiye mtu wa kwanza kuingia chumbani kwangu tangu nije Dar. Nikamfungulia kauntabuku. Akaangalia picha muda mrefu, akaisogeza taani, akavaa miwani. Nikangoja anibariki au anifokee. Akasema:

"Mbona bati langu umelichora lina kutu?"

Nikamwambia mama, bati lina kutu. Akasema, "Najua lina kutu. Nimekuuliza mbona umeichora."

Sikuwa na jibu. Akanywa chai, akaondoka na mfuko wake. Jana amemtuma mjukuu na bakuli la kunde za nazi. Bakuli bado ninalo, najua silirudishi tupu. Naombeni ushauri: nimpelekee ile picha kama ilivyo, au nichore nyingine isiyo na kutu?

#31 Mama Vitenge

Weee! Umeshapata mtu wa chumvi na bado unauliza? Chora bati jipya, bluu, linalong'aa. Peleka na bakuli lenye maandazi. Yule mama ameaibika kwa watu, unamwongezea aibu na ya karatasi?

#32 Fundi Rangi

Miaka kumi na saba ya kazi hii nimepunguza pua za watu, nimefuta makovu, kuna mwenye bucha nilimchorea ng'ombe mnene kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kuchinjwa Dar. Mteja ana haki ya kutaka apendeze.

Ila wewe mama yule si mteja wako. Hakukulipa. Ukifuta kutu unakuwa fundi wa vibao kama mimi, na kazi hii haina fedha, nakuonya.

#33 Mtu wa Tunduru

Mimi nasema usifute. Lile bati kapandisha marehemu mume wake, huoni amekuja na picha yake? Ile kutu ni miaka ya mama pale. Ukiifuta umemwambia hakuishi.

#34 Luku Imekata

#33 maneno mazuri, lakini wewe hulali chini ya bati linalovuja. Mama hakuona miaka, aliona mvua za masika.

#35 Mzee wa Drafti

Nyote mmekosea. Mama alikuwa anatania. Sisi wa uswahilini ukiletewa kitu kizuri husifii moja kwa moja, unatafuta dosari kidogo ili usionekane umebabaika. "Mbona chai haina tangawizi" maana yake chai nzuri. Na angalieni: nyumba ya Kiswahili ndiyo iliyompa rafiki, sio fensi. Nilisema #3.

#36 Mpangaji Mzoefu

Mzee, mama aliingia ndani ya fensi kumfuata. Kwa hiyo fensi ndiyo iliyompa.

Na tena mama ni mwenye nyumba, hahami. Nilisema #9.

#37 Nyakato Mza

Na alikuja akiwa na hofu ya kutapeliwa. Nilisema #10 😅

#38 Jogging ya Alfajiri

Angekuwa jogging yangu hata hiyo hofu isingekuwepo, tungeshamtambulisha mtaa mzima.

#39 Ndugu wa Eastlands

Niulize tu: kwa nini asichore mbili?

#40 Fundi Rangi

#39 Mkenya umeongea. Lakini ipi ataipa fremu?

#41 Mngoni wa Kauntabuku

Wakuu, mmebishana vizuri, mimi nimechelewa kuamua na mambo yameniamulia.

Nilikwenda Jumapili na maandazi (#31, ahsante) na picha kama ilivyo, yenye kutu, maana nyingine nilijaribu mara tatu mkono ukakataa, lile bati jipya lilikuwa linaonekana limeazimwa. Nikaketi uani na wapangaji wake. Wakapeana picha mkono kwa mkono. Mjukuu akaonyesha mahali panapovuja, "Hapa umepatia." Mtoto mkubwa wa mama yuko Mbagala, naye akatumiwa picha ya picha kwa simu.

Nadhani hiyo ndiyo iliyomuuma. Jana mafundi wamekuja, bati lote limeshushwa, jipya limepanda, kijani migongo mipana. Leo asubuhi nikipita kwenda kazini mama kanisimamisha. Anadai ile picha sasa ni ya uongo, nichore nyingine. Nikamwuliza ya kwanza anirudishie? Akasema hapana, hiyo iko sebuleni.

Na jirani yake wa kushoto naye amenishika mkono. Anaomba nyumba yake nichore haraka, tena niongeze kutu.

#42 Luku Imekata

Kumbe hilo daftari linapandisha bati? Dada, njoo Goba utuchoree barabara.

#43 Mpangaji Mzoefu

Goba nakaa mimi. Aanzie kwangu, mwenye nyumba wangu ana mtoto Mbagala pia.

#44 Chumvi ya Mawe

Swali dogo kwa OP: paka wa chumba namba tatu, mwenyewe umeshamjua?

#45 Mngoni wa Kauntabuku

Bado. Lakini paka nimemchora.